Shingo Isiyoulizwa: Kiharusi cha Vijana na Mpasuko wa Ateri Mkoani Mara

Kijana wa miaka 30 akifikishwa hospitali mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, maswali huja kwa mpangilio ambao kila aliyewahi kuuguza anaujua. Ana presha? Ana sukari? Amepima virusi vya UKIMWI? Anakunywa? Majibu yakiwa hapana, hapana, hapana, wodi hunyamaza, na ndugu walioketi nje kwenye benchi huanza kujaza pengo wenyewe. Swali moja halikuulizwa: siku chache kabla ya kupooza, shingo ilimuuma?

Hoja yangu ni kwamba swali hilo, lisilodai mashine wala shilingi, liulizwe kwa kila mgonjwa wa kiharusi aliye chini ya miaka 50 katika vituo vya Musoma, Bunda na Butiama. Liulizwe hata kabla ya kiharusi, pale kijana anapokuja na maumivu mapya ya shingo asiyowahi kuyapata maishani. Kutouliza kumetuzoesha kuamini kwamba ugonjwa wenyewe haupo kwetu. Ninayemlenga kwanza ni afisa tabibu na muuguzi wa zahanati na kituo cha afya, kwa kuwa hao ndio wanaomwona mgonjwa akiwa bado anatembea.

Ugonjwa huo ni mpasuko wa ateri za shingo. Damu iendayo ubongoni hupita shingoni kwa njia nne: ateri mbili za karotidi upande wa mbele, ambazo mtu akibonyeza pembeni mwa koo husikia zikidunda, na ateri mbili za vetebra upande wa nyuma, ambazo hupanda ndani ya vitundu vya pingili za shingo kuanzia ile ya sita kwenda juu. Anayeishi katika nyumba ya tofali za kuchoma anajua jinsi lipu inavyoanza kuharibika. Hutokea ufa mdogo, maji huingia nyuma yake, na lipu huvimba kuja chumbani ingawa bado haijadondoka. Ukuta wa ateri una tabaka tatu, na lile la ndani, lililo laini kuliko yote, ndilo lipu yake. Likichanika, damu inayosukumwa na moyo hupenya katikati ya tabaka, ukuta huvimba na njia hupungua upana. Papo hapo penye chaniko damu huanza kuganda, na donge lake likinyofoka huchukuliwa na mkondo hadi ubongoni, ambako huziba tawi fulani, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikipata damu kutoka tawi hilo hufa. Njia hii ya pili, ya donge, ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya viharusi vya aina hii.

Kati ya chaniko na kiharusi hupita saa, siku, mara nyingine wiki mbili na zaidi. Nataka msomaji asimame hapo. Ni kipindi ambacho mtu ana maumivu, anatembea, anafanya kazi, na ubongo wake bado ni mzima.

Kwa hesabu za nchi zilizopima, mpasuko huu husababisha viharusi 2 hivi tu kwa kila viharusi 100 vya kuziba katika watu wa rika zote. Tukiwahesabu vijana na watu wa makamo peke yao, idadi hupanda hadi kati ya 10 na 25 kwa kila 100, na wastani wa umri wa wagonjwa ni kama miaka 45. Uchunguzi uliofanyika wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota nchini Marekani, ulipata wagonjwa 2.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,372,015 mkoani Mara. Tukikopa kiwango cha Olmsted kama kilivyo, tungetarajia wagonjwa wapatao 60 kila mwaka. Sidai kwamba ndiyo idadi yetu. Watu wa Mara ni wadogo kwa umri kuliko wa Minnesota, na hilo laweza kuishusha hesabu. Ajali za barabarani na vipigo vyaweza kuipandisha. Lakini hata ikiwa nusu yake, ni mgonjwa mmoja kila baada ya siku 12, akipita katika zahanati fulani ya mkoa huu bila jina la ugonjwa wake.

Tanzania haikulala katika utafiti wa kiharusi. Kati ya 2003 na 2006 watafiti wakiongozwa na Richard Walker walifuatilia wakazi wa Hai, Kilimanjaro, na wa sehemu ya Dar es Salaam, wakahesabu viharusi vipya. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2010 katika jarida la Lancet Neurology, yaliwashtua wengi: baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na viharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka na Dar es Salaam 315.9, kiwango cha juu kuliko cha nchi nyingi tajiri. Muongo mmoja baadaye, utafiti wa Sarah Matuja na wenzake katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa 369 wa kiharusi, 123 walikuwa na miaka 45 au pungufu. Thuluthi nzima. Presha isiyotibiwa iliongoza, na kiharusi cha kuvuja damu kilikuwa kingi kwa vijana kuliko kwa wazee. Nayakubali matokeo hayo bila kusita. Anayetaka kupunguza viharusi Mara aanze na mashine ya kupimia presha, na asiache.

Ila watafiti hawa walihesabu walichoweza kukiona. Mpasuko wa ateri hauonekani kwa kupima presha, hauonekani kwenye damu, na hata CT ya kawaida ya kichwa huonyesha tu ubongo ulioharibika au damu iliyovuja, bila kuonyesha mshipa uliochanika shingoni. Kuuona kunahitaji CT inayopigwa pamoja na sindano ya dawa ya kung'arisha mishipa, au MRI, au ultrasaundi ya mishipa ya shingo mikononi mwa mtu aliyejifunza kazi hiyo. Pasipo vipimo hivyo mgonjwa huandikwa "kiharusi, chanzo hakijulikani", na maneno hayo yakirudiwa miaka kumi hugeuka kuwa ushahidi kwamba chanzo fulani hakipo.

Kuna na mazoea ya fikra. Butiama ina kumbukumbu yake ya kiharusi. Mapema Oktoba 1999 taarifa kutoka Hospitali ya St Thomas' jijini London zilisema kuwa Mwalimu Nyerere, aliyekuwa akitibiwa saratani ya damu, amepata kiharusi kikubwa. Tarehe 14 akafariki, akiwa na miaka 77. Kwa wengi wa rika langu neno kiharusi liliingia sebuleni kupitia redio siku hizo, na liliingia likiwa ugonjwa wa mzee. Mpaka leo kijana akipooza watu husema "bado mdogo huyu", na kauli hiyo ya huruma huwa ndiyo mwanzo wa kutafuta mkono wa mtu.

Aina moja ya ugonjwa huu inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayopotea zaidi katika Kanda ya Ziwa. Ni mpasuko wa ateri ya vetebra. Ikifika pingili ya kwanza, ile inayobeba fuvu, ateri hii hukata kona kali kabla ya kuingia kichwani, na hapo kati ya pingili ya kwanza na ya pili ndipo shingo inapogeuka kuliko mahali pengine popote. Ateri huvutika pale pale. Donge likitoka hapo huenda nyuma ya ubongo, kwenye shina lake, mahali padogo panapopita nyuzi nyingi muhimu kwa pamoja. Mgonjwa anaweza asipooze mkono wala mguu hata kidogo. Anaamka chumba kikimzunguka, anatapika, akisimama anapepesukia upande mmoja kama aliyelewa. Sauti inakwaruza. Maji anayokunywa yanampalia. Ana kwikwi isiyokoma, siku nzima, mpaka usiku. Upande mmoja wa uso una ganzi, wakati upande wa pili wa mwili haujui moto na baridi: mama anashika sufuria iliyo jikoni kwa mkono wa kulia na hasikii joto, ilhali shavu lenye ganzi ni la kushoto. Adolf Wallenberg, tabibu Mjerumani, aliieleza picha hii mwaka 1895, na vitabu vya udaktari bado vinaibeba kwa jina lake.

Sasa mweke mgonjwa huyo katika zahanati ya kijiji wilayani Bunda. Anatapika, ana kizunguzungu, kichwa na kisogo vinauma. Atapimwa malaria, kama inavyotakiwa. Katika mkoa wenye malaria mwaka mzima, kipimo kinaweza kuonyesha vimelea hata kwa mtu ambaye ugonjwa wake wa leo si malaria, na dawa ya mseto itatolewa. Kesho yake atarudi hajapona, ataandikiwa vidonda vya tumbo au sikio la ndani. Mafunzo ya kutambua kiharusi tunayotoa kwa umma, uso kupinda, mkono kulegea, maneno kutoeleweka, hayatamkamata, kwa kuwa uso wake haujapinda na mikono yake ina nguvu. Anayeweza kumkamata ni mhudumu atakayemwambia asimame, atembee hatua tano kwenye korido, ameze funda la maji, na aeleze kisogo kilianza kuuma lini.

Tuje kwenye visababishi, ambako naona uangalifu unahitajika kuliko ari. Vitabu husema kwamba karibu wagonjwa 4 kati ya 10 hukumbuka jambo lililoisumbua shingo katika mwezi uliotangulia, mara nyingi jambo dogo: kuinua kitu kizito, kugeuka ghafla, kukohoa kwa nguvu, kutapika, kupaka rangi dari. Mwaka 1993 daktari Michael Weintraub wa Marekani aliripoti wanawake 5 waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele saluni, shingo ikiwa imelazwa nyuma kwenye beseni. Wengine huzaliwa na kuta za mishipa zilizo dhaifu. Presha na kipandauso huongeza hatari, na maambukizi ya karibuni pia. Kinyume na tulivyozoea, uzito mkubwa na mafuta mengi katika damu haviwatambulishi wagonjwa hawa. Wengi ni wembamba, wenye afya, na ndiyo maana hakuna anayewadhania.

Mtu akisoma orodha hiyo akiwa Mwigobero, Musoma, anatazama wanawake wakishusha ndoo za dagaa vichwani, atasema mara moja: hii hapa sababu. Ningependa tusikimbilie huko. Mzigo uliotulia juu ya kata, kichwani mwa mtu aliyeubeba tangu utotoni, hukandamiza pingili kwenda chini na shingo hunyooka wima. Ateri huchanwa zaidi na kupinda, kuzunguka na kurushwa nyuma. Kulaumu ndoo ni kumlaumu mwanamke kwa kazi ambayo hana namna ya kuiacha, na kumlaumu kwa jambo ambalo halijathibitishwa. Kinachonitia shaka zaidi ni gunia linalotupwa begani na kisogoni kutoka juu ya lori, kichwa kikisukumwa mbele na kugeuzwa upande kwa nguvu, au kiroba cha mawe ya dhahabu kinachopandishwa kutoka shimoni Buhemba. Hiyo ni dhana yangu, na inafaa ipimwe kama dhana.

Pikipiki haihitaji dhana. Ajali inayorusha kichwa nyuma na kukigeuza hubana na kuvuta karotidi juu ya pingili ya pili na ya tatu, na hospitali zinazowapima majeruhi wa ajali kwa makini hukuta jeraha la mishipa ya shingo kwa mtu mmoja au wawili katika kila 100. Dereva wa bodaboda wa Bweri au wa Makutano aliyeanguka, akafungwa jeraha la goti na kuruhusiwa, ana goti lililoandikwa kwenye faili. Shingo haikuandikwa. Akipooza siku ya tisa, hakuna atakayefungua faili la goti. Iko pia ajali ambayo abiria wa kike wa Kanda ya Ziwa wanaijua vizuri, ya kanga au mtandio kunaswa na gurudumu na kuivuta shingo. Mcheza dansi Isadora Duncan alikufa hivyo mjini Nice mwaka 1927, skafu yake iliponaswa na gurudumu la gari. Wanaonusurika huvuliwa kitambaa, hupewa maji, na kupandishwa tena kwenye pikipiki.

Halafu kuna kukabwa. Nimeliacha hadi hapa kwa sababu ndilo lenye uzito zaidi kwangu. Mara ni mkoa ambao jina lake hutajwa kila ukatili wa kijinsia unapojadiliwa, na katika vipigo vya nyumbani koo hukamatwa. Kukabwa ni kisababishi kinachojulikana cha mpasuko wa karotidi. Mikono huacha alama kidogo, pengine isiache kabisa, hasa kwenye ngozi nyeusi. Mwanamke aliyekabwa Jumapili anaweza kwenda polisi kuchukua fomu ya PF3 Jumatatu, akatibiwa mdomo uliochanika, akarudi nyumbani. Wiki mbili baadaye analetwa amepooza, na aliyemleta, anayejibu maswali yote kwa niaba yake, ni yule yule aliyemkaba. PF3 iko kituo kimoja, faili la kiharusi liko kingine, na hakuna karatasi inayoyaunganisha mambo hayo mawili. Kwa hiyo swali la shingo lina namna ya kuulizwa. Mumewe aombwe akafungue faili au akalipie kipimo, pazia livutwe, muuguzi ainame na aulize kwa sauti ya chini: "Dada, kuna mtu aliyekushika shingo siku hizi?" Aliyepoteza usemi anaweza kujibu kwa kubinya mkono. Na daktari anayejaza PF3 ya mtu aliyekabwa amwambie, kabla hajaondoka, kwamba maumivu ya shingo yakizidi, au jicho likibadilika, au akipepesuka, arudi siku hiyo hiyo.

Wapo watakaoniuliza kuhusu vinyozi na wakandaji. Ni kweli katika baadhi ya saluni za wanaume huduma humalizika kwa kichwa kushikwa na kuzungushwa ghafla mpaka shingo ilie "kaa". Ni kweli pia kwamba mwenye shingo iliyokaza huenda kukandwa kabla ya kwenda zahanati. Uhusiano kati ya kunyongoa shingo na mpasuko umejadiliwa miaka mingi, na taarifa ya Chama cha Moyo cha Marekani ya 2014 ilisema uhusiano upo, ila haujathibitika kuwa wa chanzo na matokeo. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2008, ulieleza ugumu wake: waliopata kiharusi walikuwa wamemwona mnyongoaji wa shingo kwa kiwango kinacholingana na waliokuwa wamemwona daktari wa kawaida. Tafsiri iliyo nzito ni kwamba ateri ilikuwa imeshachanika, na maumivu yake ndiyo yaliyowapeleka huko kutafuta nafuu. Kwa hiyo sina sababu ya kumfungulia mkandaji mashtaka. Nina sababu ya kumwomba jambo moja, yeye na kinyozi: shingo iliyoanza kuuma juzi, kwa maumivu mageni, isigeuzwe. Ikiwa mle ndani mna chaniko, kugeuza huko kwaweza kulipanua au kulinyofoa donge.

Watafiti Gerry Mshana, Kate Hampshire, Catherine Panter-Brick na Walker waliwahi kuuliza watu wa Hai na wa Dar es Salaam kiharusi kinatoka wapi. Makala yao ya 2008 ina jambo linalovuruga dhana zetu: waliozungumza zaidi juu ya mapepo na uchawi walikuwa watu wa jijini, na wale wa vijijini Hai walielekea zaidi kwenye sababu za mwili. Tusijidanganye, basi, kwamba lami na shule zitaziondoa zenyewe tuhuma za kurogwa. Zinaondoka pale familia inapopewa maelezo yanayolingana na walichokiona. Kijana mzima, asiye na presha wala sukari, amepooza ghafla baada ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Ukimwambia mama yake "chanzo hakijulikani", umemwachia nafasi ya kukijua mwenyewe. Katika Kanda ya Ziwa nafasi hiyo imegharimu maisha ya bibi vizee. Ukimwambia kwamba mshipa wa shingo ulichanika pale alipoanguka na pikipiki Alhamisi, donge likapanda kichwani Jumanne, umempa hadithi yenye siku, mahali na mwili. Anaweza kuisimulia msibani na sokoni bila kumtaja jirani.

Pingamizi kali kuliko yote ni la tiba. Mwenzangu mmoja, daktari, aliniambia: "Hata nikijua ni mpasuko, nitampa aspirini, na aspirini ningempa vyovyote vile." Ana sehemu ya haki. Utafiti wa CADISS uliofanyika Uingereza na Australia na kuchapishwa 2015 uliwagawa wagonjwa 250, wengine wakapewa dawa za kundi la aspirini na wengine dawa kali zaidi za kuzuia damu kuganda. Viharusi vipya vilikuwa vichache katika makundi yote mawili, na hakuna kundi lililoonekana kushinda. Utafiti wa pili, TREAT-CAD wa 2021, uliofanywa Uswisi, Ujerumani na Denmark kwa wagonjwa 194, haukuweza kuthibitisha kuwa aspirini haizidiwi na dawa zile kali, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Kwa mgonjwa wa Butiama ambaye kupima mara kwa mara damu inavyoganda ni safari, aspirini ndiyo iliyo karibu, baada ya CT kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja kichwani. Mashine za CT zilisambazwa katika hospitali za rufaa za mikoa kupitia mkopo wa IMF wa 2021. Sharti hilo sasa linatimilika kwa wengi kuliko lilivyokuwa kabla.

Ila daktari huyo alimtazama mgonjwa aliyekwisha kupooza. Yule aliye bado na shingo tu ndiye anayefaidika zaidi na dawa ile ile ya bei ndogo, kwa kuwa hatari kubwa ya kiharusi iko katika siku za mwanzo. Na aliyepooza naye ana haki ya kujua kinachomsubiri. Ateri iliyochanika mara nyingi hujirekebisha ndani ya miezi 3 hadi 6. Mpasuko kurudi si jambo la kawaida. Mtu wa miaka 32 mwenye watoto watatu anahitaji kuelezwa hivyo, apelekwe kwenye mazoezi tiba mapema, na apangiwe lini atarudi kazini na kazi gani aikwepe. Faili lenye "chanzo hakijulikani" haliwezi kumpa mpango huo. Humpa vidonge tu, na hofu ya kila asubuhi.

Kuhusu vipimo, matumaini yangu yako kwenye ultrasaundi kuliko kwenye MRI. Mashine za ultrasaundi zimefika hospitali za wilaya kwa ajili ya wajawazito, na baadhi zina kichwa cha kupimia mishipa kilichokaa kwenye droo. Mtaalamu wa mionzi aliyefundishwa kutazama karotidi anaweza kuona njia iliyobanwa au damu inayopita kwa shida. Hataona kila mpasuko, hasa ulio juu karibu na fuvu, kwa hiyo kipimo kisafi kisitumike kumfukuza mgonjwa mwenye dalili. Kwa wale wachache wenye shaka kubwa kuna Hospitali ya Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma kwa barabara ambayo mwenye shingo ya namna hii asingepaswa kuisafiri kwenye siti ya nyuma ya basi dogo. Na pawe na daftari moja la mkoa kwa viharusi vyote vya walio chini ya miaka 50, lenye nafasi ya kuandika siku ambayo shingo ilianza kuuma, lilitokea nini kabla yake, na macho yalionekanaje. Chembe za urithi zinazohusishwa na mpasuko huu, kama ile ya PHACTR1 iliyotangazwa 2015, zilitafutwa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kuhusu shingo za Wazanaki, Wajita, Wakurya na Wajaluo, daftari hilo ndilo litakalokuwa la kwanza kusema.

Nimetaja macho, na sikueleza kwa nini. Nyuzi za neva zinazoinua kope na kupanua mboni hupanda kwenda kichwani zikiwa zimejiviringa juu ya ukuta wa karotidi. Ukuta ukivimba, nyuzi hubanwa. Kope la upande huo hushuka kidogo, milimita moja au mbili, kiasi cha mtu kuonekana ana usingizi wa jicho moja. Mboni nayo hubaki ndogo. Daktari wa macho wa Uswisi, Johann Friedrich Horner, aliyaeleza mabadiliko haya mwaka 1869. Mwenyewe hana habari nayo, mara nyingi mkewe ndiye aliyeona kwamba jicho "limepungua". Pengine anasikia pia mlio sikioni unaokwenda na mapigo ya moyo, nao huzidi usiku anapolaza kichwa upande ule.

Mchana, kwenye chumba chenye dirisha kubwa, dalili hii hujificha, kwa sababu mwangaza huzibana mboni zote mbili zikalingana. Inafaa kumtazama gizani. Muuguzi wa zamu ya usiku, umeme ukiwa umekatika au taa ikiwa imezimwa kwa makusudi, anakaa mbele ya mgonjwa kwa urefu wa mkono, anamwambia atazame mbali ukutani, anawasha tochi ya simu na kuielekeza kwenye kidevu chake, mwanga ukipanda kutoka chini bila kumpiga machoni. Anahesabu taratibu hadi tano. Mboni moja inafunguka kutafuta mwanga. Anaitazama ya pili.